Wanga Wangu

Miaka ishirini na miwili nimepima kahawa ya watu
hapa Budadiri, ghala lenye mlango wa bluu.
Nalijua gunia lililoloweshwa usiku liongeze uzito,
nalijua jiwe lililofichwa katikati ya buni.
Jumanne moja, wapagazi walipokwenda chai,
nikapanda mimi.
Mshale ukapita mia, ukasitasita,
ukatua mia na nane.
Nikashuka polepole. Sikuandika kitabuni.

Sista Atim wa zahanati hakucheka.
Alinitoboa kidole, akakisubiri kimashine chake,
akasema: Mutenyo, hii si damu, ni sharubati.
Punguza wanga.
Nikadhani ananionya juu ya majirani,
wale wachezao uchi usiku wa manane.
Wanga gani, Sista?
Akaniandikia kwenye kijikaratasi:
matoke, posho, muhogo, viazi, chapati.
Loo! Kumbe wanga wangu nawajua kwa majina,
nimewakalisha mezani tangu utotoni,
nimewalipia.

Shemeji Magombe akatuma mzigo kutoka Kampala:
unga wa lozi, bei yake karo ya muhula,
na koliflawa, ua jeupe lililovimba kama shavu la mgonjwa wa jino.
Nagudi akaliparuza, akalipika, akaliita wali.
Tulikula kimya
kama watu waliopatanishwa na polisi.

Kisha Wanyenze, mchoma nyama wa stendi,
naye alikuwa na mpango wake: nyama,
juu ya nyama mafuta, na juu ya mafuta nyama.
Siku sita. Choo kikagoma,
na deni langu kwake likanenepa
kwa niaba yangu.

Basi nikaamua kutokula. Ni rahisi, nilisema,
mdomo ni wangu, funguo ninazo.
Siku ya tatu kichwa kinapiga ngoma,
tarakimu zinaogelea kama viluwiluwi,
na Mama Nambuya ameshusha gunia lake la msimu mzima.
Nikaandika sitini na saba.
Akautazama mshale, akanitazama mimi,
akahesabu vidole vyake bila haraka.
"Sabini na sita," akasema. "Njaa yako imenila kilo tisa."
Foleni nzima ilisikia.
Nilifuta. Nikaandika upya. Kalamu ilitoboa karatasi.

Jioni ile sikumwambia Nagudi kitu,
lakini mji huu mdogo ulikuwa umeshamwambia.
Akapanda kigoda, akaliteremsha juu ya jiko
fungu la malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani,
meusi kwa moshi, magumu kama kamba ya ng'ombe.
Akayaloweka usiku kucha. Akasaga ufuta.
Kesho yake: malewa, dodo kutoka nyuma ya choo,
mukene waliokaangwa mpaka wakalia kwa meno,
nusu ya parachichi lililoanguka lenyewe.
Nikala nikashiba. Nikakaa nikingoja njaa irudi
kama mtu anayengoja mgeni mwenye deni.
Haikuja mpaka saa kumi na mbili.

Sikuokoka, msinielewe vibaya.
Kwenye matanga kule Buyobo
mama mfiwa mwenyewe aliniwekea matoke,
mvuke bado unapanda kwenye jani,
na kukataa kungekuwa kumzika marehemu mara ya pili.
Nilichukua kidole kimoja. Nilikila
kama asomaye barua fupi, akirudia mistari.

Jumanne sasa napanda mizani mlango ukiwa wazi.
Wapagazi hubashiri, hucheka, huwekeana mia tano tano.
Naandika kwa penseli, ukurasa wa mwisho,
na wiki nyingine tarakimu hupanda badala ya kushuka;
hiyo nayo naiandika.

Saa kumi alasiri chapati za Mariamu huanza kunuka ng'ambo ya barabara.
Wanga wangu. Wananiita kwa jina la utoto.
Nawaitikia, ni adabu.
Mlango siwafungulii kila mara.